Tingatinga la Aabo Lisilo na Breki

Siku hizi wanatengeneza barabara inayopita nyuma ya nyumba yangu hapa Garissa, na kila nikifungua dirisha la jikoni harufu ya dizeli na udongo uliochimbuliwa huingia mpaka kwenye chai. Kijana anayeendesha ile mashine ya njano ana kofia ngumu na miwani ya jua. Akitaka kusimama hukanyaga breki ghafla, hata pale pasipo na haja, mashine ikainama mbele na yeye akainama nayo, kisha akaondoka tena kwa kishindo. Jirani yangu humtazama akasema kijana ni fundi kwelikweli. Mimi hunywa chai yangu yenye dizeli. Nimelelewa na dereva asiyekuwa na breki, na watu wa malezi yangu ni vigumu kuwafurahisha.

Ninyi wa rika langu mliokulia huku hamhitaji kuambiwa ilikuwa miaka gani. Ni ile miaka ya mwanzo baada ya uhuru, ambayo barabara zilikuwa za askari mchana na za wengine giza likiingia. Redio iliwaita hao wengine shifta, yaani majambazi. Nyumbani kwetu hawakuitwa kwa jina lolote, maana kuta za mabati zina masikio zaidi kuliko za udongo.

Baba yangu, ambaye kwa Kisomali namwita aabo, aliendesha tingatinga la serikali upande wa barabara. Mama yangu, hooyo, alikuwa malishoni na mbuzi na ngamia wa ukoo. Hapakuwa na ajabu katika hilo. Mshahara ulikaa mjini, mifugo ilikaa penye majani, na mume na mke walikutana mvua ikinyesha. Mimi nililetwa mjini meno yangu ya mbele yalipong'oka, nisome chuo cha Kurani, kwa makubaliano kwamba masika ikianza hooyo angekuja kunichukua. Masika ikaja, hooyo hakuja. Njia zilikuwa zimefungwa. Baadaye chuo nacho kikafungwa, kwa kuwa maalimu alichukuliwa kwenda kuulizwa maswali na maswali hayakuisha.

Nilitaka kitu kimoja tu duniani, nacho ni hooyo. Nasema hivyo wazi kwa sababu watu wazima hupenda kuyapamba mambo ya utoto wao, wakasema walitamani elimu au amani. Mimi sikujua amani ni nini. Nilimtaka mama yangu, na harufu ya maziwa na moshi iliyokaa kwenye shuka yake, na mkono wake ukinisuka nywele huku akinigombeza nitulie.

Tuliishi kambi ya wafanyakazi, safu ya vyumba vya mabati iliyojaa wanaume wa bara waliowaacha wake zao kwao. Walikuwa watu wema. Hakuna aliyeniudhi, na hakuna aliyecheza nami. Mtoto mwingine hakuwapo. Siku za mwanzo aabo aliniacha chumbani na mkate na birika la maji, nikashinda nikizungumza na birika. Aliporudi siku moja akanikuta ninalisuta kwa kutonijibu, na kesho yake akanipandisha kwenye tingatinga. Aliniketisha juu ya sanduku la spana nyuma ya kiti chake, juu ya gunia lililokunjwa, akanifunga kiunoni kwa shali yake na ncha ya shali akaifunga kwenye chuma cha kiti.

Tingatinga lenyewe lilikuwa zee. Halikuwa na matairi wala usukani, lilitambaa kwa minyororo miwili ya chuma na kugeuzwa kwa mipini miwili. Mbele lilibeba beleshi pana lililoning'inia kwenye kamba ya waya. Breki zilikuwa zimekwisha kabisa. Vipuri viliagizwa kutoka Nairobi, na lori lililovibeba halikufika. Kwa nini halikufika, hakuna aliyeuliza kwa sauti.

Nyapara wetu aliitwa Mutua, mzee wa Kikamba mwenye kitambi na moyo laini kuliko alivyotaka ijulikane. Asubuhi alikuwa akilizunguka tingatinga kama mtu anayekagua ng'ombe mgonjwa.

"Abdi, hiki kitu kitakuua," alimwambia aabo. "Wacha niseme ni kibovu, tukiegeshe mpaka breki zije."

"Mashine ikikaa, mimi bia naambiwa kaa," aabo alijibu. "Nikae wabi, nyabara? Wacha tu. Mimi naenda bolebole."

Hivyo ndivyo alivyosema Kiswahili, p zote zikiwa b, na ndicho Kiswahili nilichokisikia kwanza. Sisi wawili tuliongea Kisomali. Kiswahili kilikuwa cha kazini: gia, mteremko, rudi nyuma, inua, shusha. Mpaka nilipopelekwa shule baadaye niliamini lugha hii ilitungwa na mafundi kwa ajili ya kuzungumza na mashine.

Kuendesha kitu kizito kisichosimama hakutaki ushujaa, kunataka subira, na subira aabo alikuwa nayo ya kumgawia jirani. Alianza kusimama mapema, mbali na pale alipotaka kusimama. Alipunguza moto wa injini kidogo, akasikiliza, akapunguza tena, kisha akaliachia beleshi lishuke taratibu mpaka likagusa ardhi na kuanza kukwangua. Udongo ulijikusanya mbele yake na tingatinga likajizuia kwa kazi yake lenyewe, likatulia bila hata kunitikisa. Mimi nilidhani linapiga magoti, jinsi ngamia anavyopiga magoti ili ushuke, na nililipenda kwa adabu yake.

Mteremko ulikuwa na sheria nyingine. Gia ilichaguliwa juu, kabla ya kuanza kushuka, ile ndogo kuliko zote, na ukishaanza huigusi tena, kwa sababu injini ndiyo iliyoshikilia uzito wote. Na mipini ilibadilika tabia. Kwenye tambarare ukivuta mpini wa kushoto, mnyororo wa kushoto unakosa nguvu na mashine inakwenda kushoto. Kwenye mteremko ukivuta huohuo wa kushoto, mnyororo unaachiliwa uteleze, unakimbia kuliko mwenzake, na mashine inageuka kulia. Aabo alinionyesha hayo sakafuni jioni moja kwa jozi ya ndala, moja ikiwa mnyororo huu na nyingine ule. Nilielewa haraka, ila kwa njia yangu. Niliona tingatinga ni tiifu mahali pazuri na kaidi mahali pa hatari, sawa na punda wetu, na kwamba dereva mzuri ni yule anayeujua ukaidi wa mnyama wake.

Nilifurahi kufundishwa kwa sababu ilikuwa nadra aabo kuongea. Juu ya mashine hapakuwa na namna, kelele ilimeza kila neno. Aliongea nami kwa kunigusa goti: kugonga kulikuwa shika vizuri, kufinya kulikuwa tunashuka. Jioni masikio yake yalikuwa bado yananguruma, na alikula kimya akitazama ukuta. Nilishinda mchana kutwa hatua moja nyuma ya mgongo wake, nikiujua kila mshono wa shati lake, na nilikuwa mpweke kuliko nilivyokuwa na birika. Birika sikulitegemea linijibu.

Kisha tukapewa kazi ya kusafisha uwanja mpana chini ya mji, upande wa mtoni, pale ardhi inaposhuka kuelekea Tana. Aabo aling'oa vichaka na kusawazisha. Vibarua walikata migunga na kuyapanga matawi kuzunguka uwanja, miiba nje, marefu kuliko mtu mzima. Nyapara aliuita kijiji. Mimi nilikuwa mtoto wa wafugaji, na niliposhuka na kuitazama ile kazi nilitambua mara moja kwamba huyu mzee wa bara hajui anachokiona. Kijiji kina nyumba. Kile kilikuwa zizi, kubwa kupita zizi lolote nililowahi kuliona, na miiba ilikuwa ya kuzuia simba na fisi.

"Aabo, hili zizi la nani?" nilimuuliza jioni.

"La watu wengi."

"Mbuzi wa hooyo nao watalala humu?"

Alikuwa akipangusa grisi mikononi kwa kitambaa. Aliendelea kupangusa hata baada ya mikono kuwa safi. "Wakifika, aabo, watalala humu," alisema. Kwetu mzazi humwita mtoto wake kwa jina lake yeye mzazi, ndiyo maana aliniita aabo, na siku ile niliona kama anajisemesha mwenyewe.

Sikumwuliza zaidi kwa sababu jibu lilinitosha. Tangu hapo niliipenda ile kazi kwa moyo wangu wote. Nilichagua kona ya mbuzi wetu, karibu na mto, mbali na vumbi la lori. Nilichagua na pahali ambapo hooyo angesimamisha kibanda chake cha mikeka. Kila tulipopita hapo nilimgonga aabo begani asawazishe vizuri, na alirudi nyuma akasawazisha tena, bila kuniuliza sababu. Ndiyo miezi niliyokuwa na furaha, na ni kejeli chungu, lakini sitaikana. Furaha ya mtoto haiombi ruhusa.

Malori yakaja. Nilikuwa juu ya sanduku langu, nikaona watu wa malishoni wakiteremshwa, wengi, wazee na wanawake na watoto, na askari wakiwaelekeza waingie. Mbuzi walikuwa wachache mno. Ngamia sikumwona hata mmoja. Nilidhani watu wametangulia kulikagua zizi na mifugo inafuata nyuma, na nilikaza macho barabarani mpaka yakaniuma. Mifugo haikufuata. Jua lilipopanda, watu walikuwa bado wamo ndani na askari wamesimama mlangoni wakiwatazama wao, wala si porini anakotoka simba. Hapo nilianza kuhisi kwamba huenda nyapara alijua alichokiona.

Siku chache baadaye aabo aliomba ruhusa akaingia na majani ya chai na sukari, akatoka mikono mitupu.

"Hooyo yumo," aliniambia.

Nilikwenda kuvaa viatu. Aliniambia nivivue. Ndani kulikuwa na surua, alisema, na watoto walikuwa wanazikwa. Nikasema kesho basi. Akasema kesho. Kesho yake akasema tena kesho, na ikawa ndiyo sala yetu ya jioni. Nilimchukia siku hizo, kimyakimya, kutoka nyuma ya mgongo wake. Nilijua mama yangu yuko nyuma ya ile miiba, nami napita kando yake juu ya mashine, na kelele ni kubwa hata nikipiga ukelele hanisikii. Nilipiga na ukelele. Aabo aligeuka akaniona mdomo wazi, akadhani nimebanwa mguu.

Upande wa mtoni ua uliachwa na mwanya, ambao wanawake walipitia kuchota maji na kuwanywesha vile vimbuzi vilivyobaki. Ikasemekana kuna waliopitia hapo usiku wasirudi. Afisa mmoja kijana akaja kambini asubuhi na kusema mwanya uzibwe siku ileile. Rundo la matawi ya mgunga lilikuwa tayari kwenye mteremko juu yake, lisukumwe tu.

"Mtoto mwache na mimi leo," nyapara Mutua alimwambia aabo.

Niliishika shali kwa mikono miwili. Aabo alinitazama, akamtazama nyapara, akanifunga kiunoni kama siku zote.

Tulipofika juu ya mteremko alichagua gia na kunifinya goti. Beleshi lililisukuma rundo, miiba ikavunjikavunjika mbele yetu, na juu ya miiba niliuona mwanya, na ndani ya mwanya wanawake na mbuzi. Askari waliwapigia kelele wasogee. Wakasogea wote isipokuwa mmoja. Alisimama katikati na kamba ya mbuzi mkononi, amekonda hata shuka ilimzunguka mara mbili. Ndipo nilipomtambua.

Hooyo hakujua kwamba tingatinga halina breki. Au alijua, mpaka leo sina hakika. Mimi nilijua, na nilijua pia kwamba gia haiguswi. Nilimwona aabo akivuta mpini wa upande uleule aliosimama hooyo, na wanawake wakapiga mayowe wakidhani anamwelekea. Nilitamani kuwaambia watulie. Mashine iligeuka taratibu upande wa pili, ikaliacha rundo, kisha kamba ya waya ikalegea na beleshi likashuka likikwangua, likikusanya udongo. Tulisimama karibu naye kiasi kwamba ningeweza kumtemea mate. Hata mbuzi hakushtuka.

Aabo alipunguza moto wa injini mpaka ikawa inakohoa tu, na kwa mara ya kwanza niliisikia sauti ya mtu nikiwa juu ya kile kiti.

"Funga, Abdi," hooyo alisema. "Najua umetumwa. Lakini mtoto wangu nipe kwanza."

"Ndani kuna surua."

"Unanieleza mimi? Mimi ndiye ninayewaosha wanaokufa." Alimtazama bila hasira, na hiyo ndiyo iliyokuwa mbaya. "Na huko nje kuna nini? Anaongea na nani?"

Mtu wa subira kama aabo hujikuta amesubiri mpaka maneno yote yamekwisha kusemwa na wengine. Afisa alipiga filimbi kutoka juu, akaita, "Dereva, kazi!" Aabo aligeuka kwenye kiti, akaniangalia usoni.

"Aabo, unataka kushuka?"

Nilisema ndiyo kabla hajamaliza.

Alifungua fundo la shali. Lilikuwa limekazwa na vumbi na jasho, na vidole vyake, vilivyozoea spana, vilihangaika nalo. "Shukia nyuma," alisema. "Usikanyage mnyororo." Shali aliniachia.

Nilikimbia. Sitaelezea kukumbatiwa kule, kila mtu ana kwake. Nitasema tu kwamba harufu ya maziwa haikuwapo tena, ulibaki moshi, na kwamba nilifurahi hivyohivyo.

Nyuma yetu tingatinga lilirudi kinyumenyume juu ya mteremko, likaja tena kwenye rundo. Nimelipima jambo hili maisha yangu yote. Aabo angeweza kukataa, na palikuwa na bunduki. Angeweza kumwachia dereva mwingine, mtu wa kukanyaga na kusukuma, na miiba ingetuangukia. Alikufa mzee, kitandani pake, akiwa amekaa nasi tena miaka mingi, na hatukuwahi kuizungumzia siku ile. Mara moja tu, nilipokuwa mtu mzima, alianza kusema, "Ule mwanya," kisha akaomba maji ya kunywa.

Lakini pale mtoni sikuwa na mawazo hayo. Nilikuwa namtazama akija polepole, miiba ikitangulia mbele yake tawi kwa tawi, kwa ustadi ambao sijauona tena, na sikuogopa hata kidogo. Malishoni kwetu zizi hufungwa jioni, na anayelifunga ni mwenye nyumba. Watoto wakishaingia, na mbuzi wakishaingia, yeye huingia wa mwisho na kulivuta tawi la mlangoni nyuma yake. Sijawahi kumwona mtu akifunga zizi la familia yake kisha akabaki nje. Kwa hiyo nilimvuta hooyo pembeni nikamwambia asogee, aabo apate pa kupita.

Rundo lilijaa kwenye mwanya. Niliona shati lake kati ya matawi, kisha kilemba, kisha moshi wa bomba peke yake. Nikasikia beleshi likiinuliwa na sauti ya injini ikibadilika, ile ya kurudi juu.

"Hooyo," nilisema, "aabo amesahau kuingia."

Alinishika kichwa akakikandamiza kwenye shuka yake, lakini nilijinasua. Kelele ya injini ilikuwa bado iko karibu. Nilitandika shali chini mbele ya miiba, upande wetu, nikakaa kwenye ncha yake moja ili aabo naye apate pa kukaa.